Matundu ya Kompyuta na Historia Yake

Katika somo la tafsiri, mwanafunzi akikutana na neno la Kiingereza linalotaja mahali pa kuchomeka waya wa kompyuta, aghalabu hufungua kamusi na kuandika "bandari". Bandari tulilipokea kutoka Kiajemi kwa maana ya mahali pa meli. Kilatini kilikuwa na maneno mawili yenye asili moja: portus, yaani bandari, na porta, yaani mlango. Kiingereza kina umbo moja kwa yote mawili, na maana iliyofika kwenye kompyuta iko karibu zaidi na mlango. Fundi wa mtaani, ambaye hakuwa na kamusi mkononi, alisema "tundu", na tundu ndilo tutakalotumia katika makala haya.

Matundu ya kompyuta ya nyumbani yanasomeka kama tabaka za historia. Tundu mojawapo la kale limeizidi umri kompyuta hiyo yenyewe. Ni lile la kupitisha habari biti moja baada ya nyingine, ambalo kanuni zake zilitolewa Marekani mwaka 1960 kwa jina la RS-232, wakati ambapo hakuna aliyewaza kompyuta ya nyumbani. Mwaka 1970 kampuni ya Centronics ilileta printa iliyopokea biti nane kwa mpigo, kila biti na waya wake. IBM ilipozindua kompyuta yake tarehe 12 Agosti 1981, matundu yote mawili yalipewa umbo moja, lile linalofanana na herufi D, na yote mawili yalikuwa na nafasi 25. Tofauti ilikuwa kwamba upande wa kompyuta, tundu la mfululizo lilikuwa na pini zilizochomoza, na la printa lilikuwa na vitobo. Aliyepuuza tofauti hiyo, akalazimisha kwa kipande cha kuunganishia, aliweza kuunguza kifaa, kwani tundu la printa lilitumia volti 5 na lile jingine liliweza kufika volti 12 juu na chini ya sifuri. Mwaka 1984 IBM ilipunguza pini za tundu la mfululizo hadi 9, na tangu hapo kuyatambua kukawa rahisi zaidi.

Kompyuta hiyo ya 1981 ilikuwa na utatanishi mwingine. Nyuma yake palikuwa na matundu mawili ya duara, yenye nafasi tano kila moja, yamekaa jirani na hayana tofauti kwa macho. Moja lilikuwa la kibodi. La pili lilikuwa la kinasa sauti cha kaseti, kwa maana kaseti ileile ya muziki iliweza kuhifadhi programu na maandishi. Tutarudi kwenye kaseti.

Mwaka 1987, katika mashine zake za PS/2, IBM ilileta matundu madogo ya duara yenye nafasi sita, moja la kibodi na moja la kipanya. Nayo yalikuwa pacha. Mashine hizohizo zilileta tundu la skrini lenye nafasi 15 katika safu tatu, liitwalo VGA, ambalo walimu wengi bado wanalifahamu kwa sababu ya projekta. Hivyo basi, kosa lilelile lilirudiwa baada ya miaka sita, na mtu aliyechomeka kipanya mahali pa kibodi aliwasha mashine akakuta vyote viwili vimenyamaza.

Dawa iliyopatikana ilikuwa rangi. Mwongozo uliotolewa na Intel na Microsoft mwaka 1998, unaojulikana kama PC 99, ulipendekeza zambarau kwa kibodi, kijani kwa kipanya, buluu kwa skrini, na damu ya mzee kwa printa. Kwa upande wa sauti, waridi ni ya maikrofoni, kijani cha ndimu ni ya spika, na samawati ni ya kuingizia sauti kutoka kwenye chombo kingine. Ikumbukwe kwamba haya yalikuwa mapendekezo, na si kila kiwanda kiliyafuata.

Wakati huo huo, dawa ya pili ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Mwezi Januari 1996 kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, Compaq na NEC, zilitoa USB, kwa nia ya kuwa na tundu moja la vifaa vyote, ambalo mtu angechomeka bila kuzima mashine. Kompyuta ya iMac ya mwaka 1998 iliyatupa matundu mengi ya zamani na kulitegemea hilo. Kasi ilipanda kutoka megabiti 12 kwa sekunde hadi 480 mwaka 2000, kisha gigabiti 5 mwaka 2008, na tundu la kasi hiyo kwa kawaida lina ulimi wa buluu ndani. Tangu 2014 kuna lile la mviringo bapa, USB-C, ambalo halijali juu wala chini. Umoja wa Ulaya umelifanya la lazima kwa kuchajia simu zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Mimi silisifu sana. Matundu mawili yanayofanana kabisa, moja linaweza kutoa picha kwenye projekta na jingine lisiweze, na jicho peke yake haliwezi kuyatofautisha. Tumerudi kwa mapacha wa 1981.

Sasa kaseti. Idara nyingi za Kiswahili zina makasha ya kaseti zenye masimulizi ya wazee, nyimbo za kazi na mahojiano ya lahaja, na utepe wake unazidi kuchakaa. Kuzihamishia kwenye kompyuta kunahitaji waya mmoja kutoka tundu la sauti la redio ya kaseti hadi tundu la samawati. Wengi huchomeka kwenye waridi, kwa kuwa wanaona ndilo la kurekodia. Tundu la maikrofoni hukuza sauti iliyo hafifu, hivyo sauti ya redio, ambayo tayari ina nguvu, hufika imepasuka, na konsonanti ambazo mtafiti wa lahaja anazitafuta hupotea. Kompyuta mpakato nyingi za leo zina tundu moja tu la spika na maikrofoni kwa pamoja, bila samawati. Vifaa vya nje vya sauti vinavyochomekwa kwenye USB vipo, lakini vingine vina tundu la maikrofoni pekee, kwa hiyo visomwe kabla ya kununuliwa. Na ile mashine kuukuu ya mezani inayongoja kutolewa stoo, igeuzwe kwanza itazamwe mgongo.