Bwa Bila Muti: Historia ya Fimbo ya Gofu na Watu Walioibeba

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusoma historia ya wafalme, ya shaba na ya reli. Leo nawaletea historia ya fimbo ya gofu. Musicheke kwanza. Mimi mwenyewe nilicheka, kiisha nikajikuta usiku wa manane ningali nasoma.

Mwezi wa tano niliitwa ku kartié Golf, hapa Lubumbashi, kuangalia udongo wa parseli moja ambako majani yalikuwa yanakauka. Mulinzi wa ile parseli ni mzee wa miaka zaidi ya 70. Wakati nilikuwa nangoja udongo ukauke juu ya plastiki, alinikaribisha mu kibanda chake. Ku ukuta kulikuwa fimbo mbili za gofu. Moja ilikuwa na kichwa cheusi, cha mviringo, kinang'aa sawa kiatu cha padri siku ya Pasaka. Nyingine kichwa chake kilikuwa cha chuma. Akanipa ile ya chuma, akaniuliza:

— Enjenieri, hii tunaiita bwa tatu. Ni ya muti gani?

Niligonga na kidole. Ikalia tiiin.

— Papa, hii hapana muti. Ni chuma.

— Sasa juu ya nini inaitwa bwa? Bwa mu Kifaransa si ni muti? Weye ulisoma miti, ao ulisoma paka majina ya miti?

Nilikosa jibu. Miaka mitano ya masomo ya agronomi, na mzee wa kibanda ananiweka chini na swali moja. Mu miaka ya 1970, wakati wa Zaïre, yeye alikuwa kedi, ndiyo kusema kijana anayemubebea muchezaji mfuko wa fimbo, anamuonyesha mbali, anamushauri fimbo gani atumie. Wenzake walimupa jina la utani: Bwa Tatu. Mpaka leo ku kartié hawamuite jina lingine.

Kwa wale hawajue gofu: muchezaji anabeba fimbo mpaka 14. Kuna za chuma, zenye kichwa chembamba, za kupiga kwa kipimo. Kuna ndogo ya kusukuma mpira mu shimo. Kiisha kuna bwa, zenye kichwa kikubwa, za kupeleka mpira mbali. Bwa moja ndiyo draiva: inapiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, mambo rahisi kidogo. Lakini bwa tatu, bwa ine na bwa tano zinafanya kazi ngumu: mpira umelala chini mu majani mafupi ya katikati ya uwanja, hakuna kijiti cha kuuinua, na muchezaji anataka kuupeleka zaidi ya metre 200. Mzee aliniambia aliona wakubwa wa kampuni, watu wanaoamurisha wafanyakazi elfu, wakitetemeka mbele ya ule mpira. Ukipiga juu yake, unakimbia chini sawa panya. Ukipiga nyuma yake, unachimba shimo la kupanda muhogo.

Sasa tuanze na mwanzo. Gofu ya namna tunayoijua ilikomalia Uskoti, na fimbo za kwanza zilikuwa za miti kweli: kichwa cha mutofaa, cha mupea ao cha miti mingine migumu ya kule. Mipira ilikuwa ya ngozi iliyojazwa manyoya, kitu chepesi, haikuumiza muti. Kunako 1848 ukaingia mpira wa gutaperka, utomvu mugumu wa miti ya Asia. Ukaanza kupasua vichwa. Mu 1899 Mumarekani Coburn Haskell alipata hati ya ugunduzi wa mpira uliojazwa nyuzi za raba zilizokazwa sana, nao ukaruka kupita yote.

Hapa nasimama kidogo. Kiswahili chetu kinasema «mpira» kwa ile ya kucheza na kwa ile raba inayotoka mu muti. Neno moja kwa vitu viwili. Mu ile ile miaka, wakati matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa wanafurahia raba mu magurudumu na mu michezo, hapa kwetu, mu Kongo ya Leopold II, watu walikuwa wanapigwa fimbo na kukatwa mikono juu ya mpira. Muswahili wa Kongo akisema «mpira», anabeba furaha na kilio mu neno moja, hata kama hajue.

Turudi ku kichwa cha fimbo. Mipira migumu ilidai muti mugumu. Mwisho wa karne ya 19, watengenezaji waliupata Marekani: persimmon. Kwa sisi watu wa miti, jina lake la sayansi ni Diospyros virginiana. Mukiona neno Diospyros mushituke, maana ni jamaa moja na ebene, muti mweusi wa msitu wetu. Tena kuna ndugu yake mwingine, Diospyros mespiliformis, anayeota mu savana za Afrika toka Senegali mpaka Afrika ya Kusini, na watu wanakula matunda yake. Persimmon nayo ina matunda: yakiwa mabichi yanakausha ulimi, yakilainika yana utamu sawa asali. Lakini tofauti ni hii: ebene inatafutwa juu ya moyo wake mweusi. Persimmon inachelewa sana kutengeneza moyo mweusi, na mafundi walitaka ile sehemu nyeupe ya inje, nzito, ngumu, yenye nyuzi zilizobanana. Kabla ya gofu, ile ile sehemu ilitengeneza vyombo vya kupitisha uzi mu mashine za kufuma vitambaa, maana inasuguliwa siku na siku bila kutoa vibanzi.

Na jina «persimmon» lenyewe linatoka mu lugha ya watu asili wa Virginia. Wale watu walisukumwa inje ya inchi yao. Jina walilolipa tunda lao likabaki mu midomo ya waliowasukuma. Muanze kuona kamba ninayoivuta.

Kutengeneza bwa moja ilikuwa kazi ya fundi kweli. Kibao kinakaushwa muda murefu, kinachongwa, kinatobolewa. Nyuma kinatiwa risasi kusudi kipate uzito. Chini kinafungwa bamba la shaba nyeupe ao shaba nyekundu kisiharibiwe na mawe. Uso unapewa mupindo kidogo, maana mpira ukigongwa pembeni ya kichwa cha muti unazunguka, na ule mupindo unausaidia kurudi katikati. Shingo inafungwa na uzi. Kiisha rangi na vernisi. Zamani fimbo hizi zilikuwa na majina, hazikuwa na namba: ile ya bamba la shaba iliitwa brassie, ndiyo bwa mbili ya leo, nyingine, spoon, ndiyo kusema kijiko, ikawa bwa tatu.

Mzee Bwa Tatu hajasoma haya mu kitabu, lakini alinieleza vizuri kuliko kitabu. Alisema mu kiangazi chetu, mwezi wa saba, fimbo za muti zilikuwa «zinalia»: muti unakauka, unapungua, visu vya vernisi vinaachia, uzi wa shingo unalegea. Masika zinavimba. Basi makedi walijifunza kupaka mafuta, kufunga tena uzi wa fundi viatu, kukaza vis. Nilipomusikia nilikumbuka somo letu la maji mu muti: muti uliokufa ungali unakunywa na kutoa maji kufuatana na hewa. Sisi tuliandika formula ku ubao. Yeye aliisikia mu mikono.

Sasa niwapeleke ku siku kubwa ya bwa, tarehe 7 mwezi wa ine 1935, Augusta, mu jimbo la Georgia. Ni mashindano yanayoitwa leo Masters, na ilikuwa mara yao ya pili. Craig Wood alikuwa amemaliza, anangoja kupewa ushindi. Gene Sarazen alikuwa nyuma yake kwa pigo 3, na mashimo yaliyobaki ni 4. Ku shimo la 15, mpira wake ulikuwa yadi 235 mbali na shimo, karibu metre 215, na mbele ya bendera kuna maji. Mpira ulikuwa umekaa vibaya mu majani. Aliongea na kedi wake: bwa tatu ao bwa ine? Bwa tatu inapeleka mbali, lakini uso wake umesimama zaidi, ingeweza kushindwa kuinua mpira. Wakachagua bwa ine. Akapiga. Mpira ukavuka maji, ukaanguka, ukatembea, ukaingia mu shimo. Pigo 2 ku shimo la pigo 5. Ile deni ya 3 ikaisha kwa pigo moja. Siku ile wakafungana, kesho yake wakacheza mashimo 36, Sarazen akashinda kwa pigo 5. Na aliyeshindwa na bwa alikuwa anaitwa Wood, ndiyo kusema Muti! Historia nayo iko na muchezo wake.

Sarazen mwenyewe alizaliwa 1902 na jina Eugenio Saraceni, mutoto wa seremala Muitalia aliyehamia Marekani. Alianza gofu akiwa kedi. Akabadilisha jina, akawa mutu mukubwa, na jina jipya likaandikwa mu vitabu vyote.

Na kedi wa ile siku? Alikuwa Mweusi, na vitabu vinamukumbuka kwanza kwa jina la utani, Stovepipe, juu ya kofia yake ndefu sawa bomba la jiko. Mu ile Augusta, makedi wa klabu walikuwa Weusi, na mpaka 1982 wachezaji wote wa mashindano walipaswa kuwatumia hao. Lakini Mweusi wa kwanza kucheza mule, Lee Elder, aliingia paka mu 1975. Miaka 40 nyuma ya pigo la Sarazen. Mikono ilikubaliwa kubeba bwa, haikukubaliwa kuipiga.

Muti wenyewe, wakati wake ulifika namna gani mwisho? Mu 1979 muuzaji wa vifaa vya gofu, Gary Adams, alifungua kampuni TaylorMade mu Illinois, na kitu chake cha kwanza kilikuwa bwa ya chuma. Wengine walishajaribu mbele yake, lakini yeye ndiye iliyemukubali soko. Wachezaji waliicheka kwanza. Yeye akaipa jina la mzaha: persimmon ya Pittsburgh, maana Pittsburgh ni muji wa chuma. Siri haikuwa nguvu ya chuma. Siri ilikuwa uwazi wa ndani. Muti umejaa, uzito wake unakaa katikati. Chuma unaweza kukifanya chungu tupu, ukapeleka uzito pembeni na chini. Pembeni, basi mutu akikosa katikati fimbo haigeuke sana mu mikono. Chini, basi mpira uliolala mu majani unainuka mbio. Kwa bwa tatu na bwa tano, zile za kutetemesha wakubwa, hii ilikuwa ukombozi. Mu 1991 ikaja Big Bertha ya Callaway, kichwa kikubwa zaidi. Mu 1993 Bernhard Langer alishinda Masters na draiva ya persimmon, na wengi wanamuhesabu kuwa wa mwisho kushinda moja ya mashindano makubwa mane na draiva ya muti.

Wachongaji wakafunga milango. Jina halikufungwa. Leo chuma kinaitwa bwa, titani inaitwa bwa, na mutoto anayeanza gofu hajue kama kulikuwa muti.

Nilirudi ku kartié Golf na majibu ya udongo (asidi ilikuwa nyingi, walihitaji chokaa) na majibu ya swali. Nikamueleza mzee kila kitu. Alishika ile fimbo nyeusi, akaniambia:

— Kumbe ni ndugu ya ebene. Mie nilikuwa naipaka mafuta miaka yote, siijue jina.

Nikaona mambo yetu mawili. Mimi nilikuwa na jina bila kazi. Yeye alikuwa na kazi bila jina. Na hii hapana mambo ya gofu paka. Hapa Katanga tumeona magogo ya mukula ikipita ku barabara juu ya makamio, inaenda mbali. Sisi wenye lisansi tunajua jina lake la Kilatini. Nani kati yetu anajua kulichonga, kulikausha, kulifanya kitu ambacho mutu wa mbali atakilipia bei? Na wazee waliojua, nani aliwaandika?

Kabla ya kuondoka, nilimuuliza mzee jina lake kamili, lile wazazi walimupa. Alishangaa. Akasema kwa miaka hakuna mutu aliyemuuliza. Akanitajia majina matatu, pole pole, na mimi nikaandika mu kaye yangu, ku ukurasa mumoja na vipimo vya udongo. Siyaandike hapa, maana nilimuahidi kumuomba ruhusa kwanza.

Wapendwa, nawaachia kazi moja. Ku kartié yenu kuna mzee anayeitwa kwa jina la kazi: Papa Fundi, Papa Muti, Papa Reli. Wiki hii mupite kwake, mumuulize jina na mumuulize kazi. Mulete majibu hapa chini, tuandike pamoja.