Daftari la mwenye mali: kutoka shamba la mnazi hadi hataza

Leo sina programu mpya wala simu mpya ya kukusimulia. Nina daftari. Najua neno lenyewe halichangamshi, lakini nivumilie, maana daftari hili nusura liwagombanishe jamaa zangu wa Msambweni, na mimi ndiye niliyeombwa kulisoma.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Huku kwetu kusini nazi hufuliwa kwa kifuo, yaani mti au chuma kilichochongoka kilichosimikwa ardhini. Mtu huinama, akaishindilia nazi juu yake, akaipindua mpaka makumbi yatoke. Ukifua mia moja kwa siku, jioni mgongo unakuambia. Mjomba alitengeneza kidude chenye mataya mawili na mpini mrefu: unaiweka nazi, unavuta mpini, makumbi yanaachana, na wewe umesimama wima. Mwaka 2018 alipata cheti chake Nairobi. Haikuwa hataza kamili bali ndugu yake mdogo, kile cheti cha ubunifu mdogo ambacho kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 10. (Hataza, kwa wasiolizoea neno hili, ndiyo patenti: haki ambayo serikali humpa mbunifu ili wengine wasitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa. Yenyewe hudumu miaka 20.)

Mwaka 2020 alimwuzia haki hiyo mfanyabiashara mmoja wa Mombasa. Nusu ya pesa alipewa mkononi, nusu ikaahidiwa. Karatasi iliandikwa kwa kalamu, mjomba akatia saini, mzee wa mtaa akatia yake kama shahidi. Mnunuzi hakutia. Aliona anayetoa ndiye anayepaswa kusaini, naye alikuwa anapokea tu. Mwaka 2023 mjomba akafariki, Mungu amrehemu.

Sasa mwaka huu akaja mtu wa pili, na pesa nzuri zaidi. Alikuwa ameulizia kwenye daftari la Nairobi, akaona mwenye haki bado ni mjomba. Binamu yangu akanipigia: "Wewe ni mtu wa kompyuta, hebu tuangalizie kama kweli jina la baba bado lipo." Lilikuwepo. Je, kitu kilichokwisha kuuzwa kinaweza kuuzwa tena? Nilijifanya najua, kisha nikakaa wiki mbili nikisoma sheria za zamani usiku badala ya kulala.

Nianze na ardhi, kwa sababu ndiyo daftari ambalo kila mtu wa Kwale analijua, hata kama hajawahi kuliona.

Mwaka 1895 Waingereza waliingia mkataba na Sultani wa Zanzibar wa kuutawala ule ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1908 wakatunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya ukanda huo. Akawekwa ofisa wa kurekodi hati, na kila mwenye madai akatakiwa ajitokeze na ushahidi wake ndani ya muda uliotangazwa. Aliyekubaliwa alipewa cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Walioifahamu karatasi, hasa Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi, walifika. Wadigo wengi na Wamijikenda wengine hawakufika. Kwao shamba lilijulikana kwa minazi: nani aliipanda, nani aliirithi, makaburi ya nani yako chini ya mwembe upi. Kumbukumbu hiyo ilikuwa sahihi, ila haikuwa kitabuni. Kazi yenyewe ilisimama mwaka 1922 kabla ya pwani yote kufikiwa, na sheria ile iliishi hadi ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Leo ukisikia kesi ya kiwanja cha Diani, hati mbili kiwanja kimoja, ukichimba sana utakuta mizizi imefika huko.

Wazo lililokuwa nyuma ya madaftari ya namna hii lilikuwa limekwisha kupata umbo lake Australia Kusini. Robert Torrens alikuwa mkuu wa forodha mjini Adelaide, akaizoea kazi ya kusajili meli. Meli huuzwa ikiwa safarini, mnunuzi haioni, lakini kitabu cha bandarini kinasema ni ya nani. Akauliza kwa nini shamba lisiuzwe vivyo hivyo. Sheria yake ilipita mwaka 1858: umiliki hauhami siku mnapopeana mikono, unahama siku jina linapobadilishwa kitabuni. Mtu wa Vanga au Shimoni aliyewahi kununua jahazi angemwelewa haraka kuliko mawakili wa Adelaide, ambao walimpinga vikali.

Ubunifu ni mgumu kuliko vyote viwili. Shamba unaweza kulilalia, jahazi unaweza kulifunga kamba. Hataza haishikiki. Ukiniuzia leo na kesho ukamwuzia mwingine, hakuna mmoja wetu atakayeona dalili yoyote mpaka tukutane sokoni. Ndiyo maana daftari la uhamisho likaja mapema.

Marekani, sheria ya mwaka 1793 ilisema mwenye hataza anaweza kuihamisha, na uhamisho uandikwe katika ofisi ya Waziri wa Mambo ya Nje (ndiyo, huyo huyo, ofisi maalumu haikuwepo). Mwaka 1836 wakaunda Ofisi ya Hataza na kuagiza uhamisho uandikishwe ndani ya miezi mitatu. Desemba 15 mwaka huo huo, jengo lililokuwa na ofisi hiyo mjini Washington likaungua. Karibu hataza 10,000 zikawa majivu. Nilicheka kwa uchungu niliposoma walivyojiokoa. Sheria ya mwaka 1837 iliwaomba wenye hataza walete nakala zao za nyumbani, pamoja na karatasi za uhamisho, ziandikwe upya. Seva imekufa, nakala rudufu hakuna, unawapigia simu wateja uwaulize wanakumbuka nini. Zilizorudi hazikufika hata 3,000.

Uingereza walifungua kitabu chao mwaka 1852, wakakiita Daftari la Wenye Mali. Nimelipenda jina hilo hadi nimeliiba kwa kichwa cha makala. Kila uhamisho na kila leseni vilitakiwa viandikwe humo, na sheria ikaongeza kifungu kimoja kikali: mpaka uhamisho uandikwe, aliyepewa hataza mwanzoni atahesabiwa kuwa ndiye mwenye mali peke yake. Soma tena hapo halafu mfikirie yule mfanyabiashara wa Mombasa.

Kwetu sisi watengenezaji wa programu jambo hili si geni. Mkataba ulio sandukuni ni kama kodi uliyoandika kwenye laptopu yako na hujaituma kwenye seva ya pamoja. Kwako ipo, inafanya kazi, umeridhika. Kwa wenzako haipo. Mwingine akituma yake kwanza, wewe ndiwe mwenye tatizo.

Na Kenya je? Hapa ndipo niliposhangaa. Tangu ukoloni hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka zaidi ya 25 baada ya uhuru, Kenya haikuwa ikitoa hataza. Ilikuwa inasajili za Uingereza. Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 508, ilimruhusu mtu aliyepewa hataza Uingereza, au aliyehamishiwa haki hiyo na mwenyewe, aje kuisajili Nairobi ndani ya miaka mitatu. Hataza ya London ikifa, na ya Nairobi inakufa. Kivuli na mti wake.

Jaribu kumweka mjomba katika mwaka 1975. Kidude cha kufulia nazi kimebuniwa Msambweni, mnunuzi yuko Likoni, wanatenganishwa na mwendo wa matatu. Lakini ili haki iwepo, ilibidi kwanza iombwe London, kwa Kiingereza cha mawakili na ada ya pauni. Mnazi, nazi, fundi na mnunuzi wote wa pwani ya Kenya, na shina la umiliki liko nchi isiyoota hata mnazi mmoja. Basi mafundi wa aina yake hawakuomba. Walibuni, jirani akaiga, yakaisha.

Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989. Mwaka 1990 ikafunguliwa ofisi ya Kenya yenyewe, na sheria mpya ya mwaka 2001 ikaigeuza kuwa taasisi, KIPI, iliyoanza mwaka 2002 na makao yake yako Nairobi. Kuna pia ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Lusaka mwaka 1976. Ombi moja pale linaweza kuzifikia nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Daftari limesogea, basi. Kutoka London hadi mwendo wa usiku mmoja kwa basi.

Kusogea hakukumaliza swali la jina la nani limo. Mwaka 2000 ilijulikana kuwa watafiti wa Oxford walikuwa wameomba hataza ya chanjo ya majaribio ya UKIMWI bila kuwataja wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilhali msingi wa utafiti ulikuwa wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao miili yao ilionekana kuvistahimili virusi. Kelele zikapigwa, na mwishowe pande zikaafikiana kumiliki kwa pamoja. Chanjo yenyewe haikufaulu. Lakini fikiria kama ingefaulu na jina likabaki moja.

Mfano mwingine si wa hataza moja kwa moja ila unaujua mfukoni mwako. M-PESA ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Kuanzia mama muuza samaki wa Gazi hadi mwenye hoteli Diani, wote waliiona ya Wakenya. Kwenye karatasi, jina na jukwaa vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ilikuwa ikilipa ada kuvitumia. Seva zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Umiliki wa jina lenyewe ulihama Aprili 2020, Safaricom na Vodacom waliponunua kwa ubia. Kwa hiyo kwa miaka mitano mashine zilikuwa zimerudi nyumbani na hati haijarudi. Kwenye kazi yangu nimekutana na wateja wengi wanaodhani hayo mawili ni kitu kimoja.

Turudi Msambweni. Sheria ya sasa ya Kenya inataka mkataba wa kuhamisha haki uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote mbili, na uandikwe kwenye daftari. Kabla ya kuandikwa hauna nguvu mbele ya watu wengine. Karatasi ya mjomba ilikuwa na saini ya upande mmoja. Marehemu hawezi kuitwa kurekebisha. Kwa macho ya daftari, mnunuzi wa kwanza hakuwepo kabisa, na yule wa pili, mwenye pesa nzuri, angeweza kununua kwa warithi na kuandikishwa.

Tulikaa ukumbini, mkaza mjomba akiwa kwenye mkeka, binamu zangu watatu na mimi na laptopu yangu. Niliwaeleza yote haya, nikiruka Australia. Binamu mkubwa akasema basi sheria iko upande wetu, ada ya chuo ya mdogo wetu inadaiwa tangu Januari. Wala sikumlaumu. Mkaza mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile nusu aliyopokea baba yenu, tulikula nini?" Hakuna aliyejibu. Akasema mpigieni mtu wa Mombasa aje.

Alikuja Jumamosi na karatasi yake ndani ya bahasha ya plastiki, pembe moja imeliwa na mchwa. Hakujua chochote kuhusu daftari. Alidhani kununua kumekwisha alipotoa pesa, kama ununuavyo mbuzi. Nilipomwonyesha jina lililoandikwa, alinyamaza muda mrefu, akaomba maji.

Njia iliyobaki ina hatua ambazo huwezi kuruka. Haki itoke kwanza kwa marehemu iende kwa warithi, na hiyo ni kazi ya kadhi na karatasi za mirathi. Warithi waandikwe. Ndipo waihamishe kwake, kwa mkataba mpya ambao safari hii kila mtu atausaini. Kila kiungo kishikane na cha nyuma yake. Ukikosa kimoja, wa baada yake hana alichopewa. Nusu iliyobaki amekubali kuilipa, pamoja na nyongeza kidogo kwa miaka yote hii. Yule wa pili tumemweleza ukweli, akasema ataongea na mwenzake wa Mombasa, huenda akapewa leseni ya kutengeneza.

Karatasi za mirathi ziko kwa kadhi tangu wiki mbili zilizopita. Kidude chenyewe kiko nyuma ya nyumba, na mkaza mjomba bado anakitumia kila asubuhi.