Mwezi Kuandama na Amana ya Aliyeuona

Ikifika jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaaban, watu wa Pemba hushuka pwani ya magharibi, Wesha, Mkoani na Wete, wakautazama upeo wa bahari upande wa Tanga. Mara mmoja husema, "Ule!" Wenziwe hawaoni kitu. Basi huyu ana khabari ambayo bado haijawa khabari. Amwambie nani kwanza?

Imepokewa na Abu Daud kwamba watu walipoutafuta mwezi, Ibn Umar aliuona, akaenda kumwambia Mtume (S.A.W.). Mtume akafunga na akaamrisha watu wafunge. Hakuanzia sokoni.

Wazee wetu walishika njia hiyo. Shahidi alipelekwa kwa sheikh, kisha kwa kadhi; na tangu sheria ya mwaka 2001 ilipounda Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, tangazo hutoka huko. Na shahidi huulizwa: uliuona kabla ya jua kuchwa au baada? Upande gani wa pale lilipozama? Pembe zake zilielekea wapi? Mwezi mwandamo kwetu hulala kama mtumbwi, na pembe zake hazilielekei jua kabisa. Anayesema zilitazama chini baharini, pengine aliona unyoya wa wingu, naye hakusema uongo.

La ajabu, wanafalaki nao wana kadhi wao. Usiku wa tarehe 23 Julai 1995 Wamarekani wawili wasiojuana, Alan Hale na Thomas Bopp, waliona ukungu mdogo mahali pasipokuwa na kitu. Bopp hakuwa mwanafalaki wa kazi, wala hakuwa na darubini yake. Alichungulia katika ya rafikiye. Hale alipekua madaftari ya nyota, akangoja aone kama kitu kile kinasogea. Wote wawili walipeleka khabari kwenye ofisi moja iliyokuwa Cambridge, Massachusetts, Hale kwa barua pepe na Bopp kwa telegramu. Wengine wakatazama, ikathibiti kuwa ni nyota yenye mkia, ikaitwa kwa majina yao. Mwaka 1997 mamilioni ya watu waliiona kwa macho matupu.

Siku hizi, kwa simu za mkononi, mwezi huandama viganjani kabla haujaandama mbinguni, na nyumba moja hugawanyika, baba amefunga na mwana anakula.

Nilipokuwa kijana nikisoma chuoni, mvuvi mmoja alikuja kwa sheikh wangu usiku wa mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Aliulizwa yote, akajibu sawasawa. Lakini alikuwa peke yake, na mwezi wa Shawwal wataka mashahidi waadilifu wawili. Tukangoja mpaka usiku mkubwa, hakutokea wa pili. Sheikh akamwambia: "Sisi kesho tutafunga. Wewe umeona kwa macho yako, kwako kesho ni Idi, na kufunga ni haramu. Kula, lakini ndani, mlango umefungwa." Ndiyo hukumu ya Imamu Shafi.

Yule bwana akaitika, "Sawa, sheikh," akaenda zake. Kutwa ile alikaa barazani na wenziwe waliofunga, kimya. Kesho yake alisimama safu moja nasi katika sala ya Idi. Kwa hesabu yake ilikuwa mwezi pili, wala hakumwambia mtu.