Milimita 27 za Hewa

Lenzi yangu ni mtumba. Niliipata Nairobi kwa bei ya viatu vya Gikomba, ikiwa imefungwa kwenye kamera ya Zenit iliyokufa kitambo. Imechorwa Helios-44-2, 58mm, na pembeni: Made in USSR. Aliyeniuzia alisema ati niiweke tu mezani kama pambo.

Nikajua nimenunua kitu cha Warusi. Kumbe hadithi inaanzia Jena, Ujerumani, miaka ya 1930, ambako Carl Zeiss walikuwa wakitengeneza lenzi iliyoitwa Biotar: milimita 58, f/2, vioo sita ndani. Kisha vita. Aprili 1945 Wamarekani ndio waliotangulia kuingia Jena, lakini eneo hilo lilikuwa limeshagawiwa Wasovieti. Basi kabla ya kuondoka wakawabeba makumi ya wataalamu wa Zeiss hadi magharibi. Wasovieti walipofika nao wakang'oa mashine. Oktoba 1946, alfajiri, wahandisi wa Kijerumani wakaamshwa pamoja na familia zao, wakapandishwa treni kwenda Urusi. Mitambo ya kamera za Contax ikaishia Kiev. Na huko Krasnogorsk, karibu na Moscow, Biotar ikafanyiwa hesabu upya, ikaitwa Helios.

Fidia au wizi? Inategemea unamuuliza nani. Sina machozi ya kuwalilia Zeiss, maana walitengenezea jeshi la Hitler vifaa, tena kwa kazi ya kulazimishwa. Ila yule mke wa mhandisi, akipakia sufuria gizani bila kujua atarudi lini, huyo namfikiria sana.

Wakati huohuo, Dresden, walikuwa wamebuni kitu kingine. Contax S ya 1949 ilikuja na mdomo wa duara wa milimita 42, na lenzi unaifunga kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa. Basi. Hakuna siri ndani yake, na kila mtu akauiga: Praktica, Pentax kule Japani, Zenit. Dunia imegawanyika kwa Vita Baridi, lakini lenzi ya Moscow inaingia kwenye kamera ya Tokyo bila kuulizwa pasipoti! Mwishowe kila kampuni ikataka mdomo wake. Pentax wenyewe waliuacha ule wa 42 mwaka 1975, na lenzi kama yangu zikaanza safari ya kuwa pambo.

Kilichozifufua ni nafasi tupu. Kila lenzi hutaka kukaa umbali fulani kutoka kwenye filamu. Hizi za milimita 42 zinataka 45.46 kamili, kwa sababu ndani ya kamera za zamani kulikuwa na kioo cha kuinuka na kushuka, nacho kilihitaji pa kuchezea. Ukiifunga kwenye Nikon ya kioo, ambayo umbali wake ni 46.5, lenzi inakaa mbele kidogo kupita inavyotaka. Milimita moja tu hiyo, na hautauona mlima vizuri, utaona ua lililo karibu. Halafu kuanzia 2008 zikaja kamera zisizo na kioo. Sony A7 ya 2013 ina umbali wa milimita 18. Toa 18 kwenye 45.46: unabaki na 27 na ushee za hewa. Adapta ni bomba la kujaza hewa hiyo. Haina lenzi ndani, haina umeme. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kuitengeneza, mradi apime vizuri, maana ikikosea kwa unywele tu picha za mbali zitakuwa ukungu.

Kamera yenyewe haijui kuna lenzi. Lazima uingie kwenye menyu uiruhusu kupiga ikiwa "haina kitu", la sivyo inagoma. Kufokasi ni kwa mkono. Nilipoteza picha za harusi nzima ya binamu yangu nikijifunza, na bado hajanisamehe. Lakini majani yaliyo nyuma ya mtu huzunguka kama maji yanayoingia kwenye sinki, na lenzi za leo hazikupi hiyo. Ndiyo maana lenzi za Kisovieti zilitumika hata kwenye Dune: Part Two.

Ujerumani Mashariki ilikwisha 1990, Umoja wa Kisovieti mwaka uliofuata. Wiki jana nilikuwa nampiga picha shosho pale kwenye ngazi za nyumba, nikamwambia lenzi hii ilitoka nchi ambayo haiko tena.

"Sasa ikiharibika," akaniuliza, "utairudisha kwa nani?"

Nikacheka, mkono ukatikisika. Fokasi ikatua kwenye kitambaa chake.