Vichwa vya Wafalme wa Notre-Dame

Tukisimama mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame, katika mji wa Paris, twaona juu ya milango mitatu wafalme 28 wa mawe, wamepangwa safu moja. Wale wa kwanza walichongwa katika karne ya 13. Wenye elimu wengi wasema ya kuwa ni wafalme wa Yuda, wa ukoo wa Daudi, mababu wa Bwana Yesu. Lakini tangu zamani zile zile watu wa mji waliwaita kwa majina ya wafalme wa kwao, Pepin na Charlemagne. Na jina likiisha kushika kinywani, si rahisi kuling'oa.

Basi mwaka 1793, Wafaransa walipokwisha kumwua mfalme wao Louis XVI, waliwageukia na hawa wa mawe, wakawaangusha na kuwavunja vichwa. Wanaoonekana leo ni wengine, waliochongwa karne ya 19 badala yao. Vichwa vya kwanza vilipotea hata mwaka 1977, mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba ya benki mjini walipovikuta 21, vimezikwa. Na vingine vilikuwa vingali na mabaki ya rangi usoni. Sasa vimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Cluny.

Hivyo jina likikosewa laweza kuvunja hata jiwe. Nasi tukusanyao habari za lugha na desturi, tusitosheke kuuliza, "Watu hukiitaje kitu hiki?" Tuulize tena, "Aliyekifanya alikusudia nini?"