Nyumba Isiyofuka Moshi

Kupanda kutoka mitaa ya Majengo, mjini Moshi, kuelekea vihamba vya Kilimanjaro, msafiri hukutana na kuta za matofali na mapaa ya mabati. Msonge wa Wachagga umeadimika: fito zilizokutanishwa kileleni, nyasi zilizoshuka hadi kugusa ardhi, na ndani yake watu na mifugo wakiota moto mmoja. Autakaye huuona kwa mwigo, huko Marangu, au katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960.

Je, mwigo ni nyumba, au ni kaburi la nyumba?

Swali hilo liliwafika pia watu wa Norwe, tena juu ya nyumba ya ibada. Yapata mwaka 1150, wanakijiji wa Fortun walijenga kanisa dogo la mbao. Mwaka 1883, lilipokaribia kubomolewa, lilinunuliwa, likafunguliwa na kuhamishiwa Fantoft, karibu na mji wa Bergen. Huko lilirekebishwa kwa kuigiza kanisa jingine la kale, la Borgund. Tarehe 6 Juni 1992 likachomwa moto, likateketea. Mafundi wakalisimamisha upya, likakamilika mwaka 1997. Mbao ni mpya. Umbo ni lile lile. Na hata lile lililoungua lilikuwa tayari limeazima sura ya ndugu yake.

Wanorwe walikuwa na bahati: Borgund lingali limesimama, shahidi wa karne ya 12. Msonge hauna shahidi wa namna hiyo. Nyasi huoza, fito huliwa na mchwa. Kila kizazi kiliujenga upya, kama watu wa pwani wanavyoezeka upya makuti. Kilichodumu hakikuwa mti, bali ujuzi wa mikono: nyasi zipi zikatwe, fito ipindwe vipi, kamba ifungwe wapi. Mikono hiyo ikizikwa, atakayejenga kesho atakuwa na picha tu.

Kwa hiyo mwigo si aibu. Msonge wote ulikuwa mwigo wa uliotangulia. Aibu ni kuujenga kisha kuuacha bila moto. Moshi wa meko ndio uliokausha nyasi na kufukuza wadudu. Nyumba ya maonyesho isiyopikiwa huoza upesi, na anayeijenga upya ni yule tu aliyefundishwa.