Kidato cha nne: alama, pointi na divisheni zinavyopigwa

Wadogo zangu wa hapa Bujora na Kisesa wananiuliza sana hii kitu. Basi naiweka hapa, mwenye daftari anakili.

Baraza la Mitihani (NECTA) linapanga hivi:
75–100 ni A, pointi 1
65–74 ni B, pointi 2
45–64 ni C, pointi 3
30–44 ni D, pointi 4
0–29 ni F, pointi 5

Yanachukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa. Zikiwa 7–17 ni divisheni wani, 18–21 tuu, 22–25 thrii, 26–33 foo, 34–35 ziro. Pointi chache ndiyo ushindi.

Sasa mimi. Kwenye moko nilikuwa na pointi 27: Kiswahili 66, Jiografia 43, Biolojia 44, kwingine D na F moja. Nikakesha na Kiswahili kwa sababu nakipenda. Kumbe kutoka 66 hadi 74 ni B ileile! Alama 2 za Jiografia na 1 ya Biolojia zingenipa C mbili, pointi 25, thrii. Na kidato cha tano cha serikali kinataka angalau C tatu, masomo ya dini hayahesabiwi.

Matokeo yakatoka: Jiografia C, Biolojia D ileile. Pointi 26. Foo.

Kwa hiyo kabla ya Novemba toa karatasi zako za moko, zungushia kila 40 hadi 44. Anzia hapo. Mwenye swali aliache hapo chini, nikipata hela ya kafe najibu.